Utani hurudishwa: namna ya kumtambua mwonevu na kumkabili

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu, ustawi wa jamii, kulalamikia sabuni. Mwanawe alikuwa ameanza kidato cha kwanza, bweni, na Januari aliondoka nyumbani na miche mitatu. Wiki mbili hazijaisha, mtoto anaazima simu ya patroni: sabuni imekwisha. Akatumiwa mingine, nayo ikaenda vivyo hivyo. Mama alikwisha kuamua kwamba mtoto anaiuza, akataka tumkanye.

Kumbe alikuwa anafua mashati na soksi za wakubwa wanne wa kidato cha nne, kila Jumamosi na siku nyingine usiku baada ya prepo, kisha anawajazia ndoo za kuogea. Siku aliyokataa alikuta godoro lake limelowa chapachapa. Mwalimu wa zamu alipouliza, wakubwa walicheka: "Tunamtania tu huyu njuka (mwanafunzi mgeni), mwalimu." Mwalimu naye akacheka, akapita.

Hilo "tunamtania" nalisikia karibu katika kila shauri la uonevu, na linaniudhi kwa sababu utani, ule wa makabila, sisi tunaujua. Mnyamwezi akifiwa, mtani wake Mzaramo anaweza kutibua msiba mzima, akazuia watu njiani mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumnunia. Zamu ikigeuka, Mnyamwezi naye anayafanya hayo hayo kwa Mzaramo. Utani hurudishwa. Basi ukitaka kujua kama unaotendewa ni utani, jiulize swali moja: je, ningeweza kumrudishia? Yule mtoto angemwambia kaka wa kidato cha nne, "Leo zamu yako kunifulia," mnadhani wangecheka?

Dan Olweus, mwanasaikolojia wa Sweden aliyefanya kazi Norway na kuanza kuchunguza jambo hili shuleni miaka ya 1970, alitaja alama tatu: tendo linafanywa makusudi, linarudiwarudiwa, na anayetenda ana nguvu kuliko anayetendewa. Nguvu hizo si za misuli peke yake. Umri ni nguvu, cheo ni nguvu, na nyumbani anayeshika pesa ya matumizi ana nguvu.

Kazini mwonevu hupiga kelele mara chache. Namkumbuka karani aliyesoma masomo ya jioni akapata stashahada. Tangu siku hiyo msimamizi wake akawa anamwita "Profesa" mbele ya wateja: "Hebu mwulizeni Profesa, labda leo anajua faili liko wapi." Baadaye akaondolewa kimyakimya kwenye kundi la WhatsApp la idara, akakosa vikao viwili, kisha akaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini hahudhurii vikao. Kila kipande ukikitazama peke yake ni kidogo, hata kukisimulia unaona aibu. Ndiyo maana kinafanya kazi. (Nisieleweke vibaya: bosi anayekukaripia kwa kuchelewa siku tatu mfululizo hakuonei. Amka mapema.)

Tulichomshauri kwanza ni daftari, nalo likae nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na nani alikuwepo. Usiandike "alinidhalilisha", andika alisema nini. Pili, sentensi moja fupi, yenye adabu, isemwe hapo hapo: "Mkuu, kama nimekosea naomba uniite ofisini, si mbele ya wateja." Isemwe bila kutetemeka na bila kuongeza neno. Wengi wetu hungoja mpaka kifua kijae, siku hiyo tunalipuka, na anayeonekana mkorofi ni sisi.

Isiposaidia, andika kwa afisa utumishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kuwa umeachishwa hata pale unapoacha mwenyewe kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Lakini watu huiua haki hiyo kwa mkono wao: wanaandika barua ya kuacha kazi "kwa sababu za kifamilia" ili waondoke kwa amani, halafu wanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, bila ushahidi. Andika sababu ya kweli, na kumbuka shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30. Hiyo ni kwa sekta binafsi. Mtumishi wa umma anaanzia kwa mamlaka yake ya nidhamu, na rufaa huenda Tume ya Utumishi wa Umma.

Kama maneno yanakuja kwa simu, usifute. Piga skrinshoti. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua.

Nyumbani ndiko kugumu, maana mwonevu analindwa na neno "mambo ya ndani". Dada wa kazi asiyeitwa jina lake, anaitwa "we", na mshahara wake "anatunziwa" mwezi wa saba sasa. Mke anayepimiwa unga na kuhojiwa nauli ya daladala. Kwa kipigo hakuna mjadala: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumpiga mwenzake, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa haya mengine, anza na mtu mmoja ambaye mwonevu anamheshimu, awe shangazi, mshenga au mjumbe, na usiende peke yako.

Kwa wazazi nina ombi: acheni "na wewe mpige". Mmoja kwa wanne, atampiga nani? Wala msimwulize mtoto "unaonewa?", atakataa. Muulizeni alikaa na nani wakati wa uji, na nani alimfuata bombani. Tazameni daftari zinazopotea, tumbo linalouma kila Jumapili jioni, na sabuni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116 bure.

Yule wa sabuni, mkuu wa shule alihamisha vitanda vya kidato cha kwanza vikawa karibu na chumba cha patroni, na patroni akawa anasimama bombani Jumamosi asubuhi, kila mtu na ndoo yake. Wawili kati ya wale wakubwa walimwomba radhi mtoto. Wawili hawajamsalimia mpaka leo. Mwalimu wa zamu alimwita mama pembeni, akamwambia alidhani kweli ni utani.