Julia Morgan Hakuwa Mpambaji wa Kasri

Kila jina la Julia Morgan linapotajwa mbele ya wanafunzi wa usanifu majengo, hakosi mmoja wa kusema: "Yule mama aliyempambia Hearst, tajiri wa magazeti, kasri lake." Nimechoka na kauli hiyo, kwa kuwa inamvua mtu taaluma yake. Alihitimu uhandisi ujenzi Berkeley mwaka 1894, akaenda Paris, ambako École des Beaux-Arts, shule ya sanaa na usanifu, haikumpokea hadi 1898, na mwaka 1904 akawa mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya usanifu majengo California. Kasri hilo la Hearst, huko San Simeon, California, lilianza kujengwa baadaye, mwaka 1919.

Utazame mnara wa kengele wa Mills College, Oakland, wa mwaka 1904: takriban mita 22 za zege lenye nondo, zinazobeba kengele kumi. Uzito wa juu namna hiyo ni hatari, maana ardhi ikitikisika msingi huenda nayo, huku uzito wa juu ukichelewa kufuata, na mnara ukapinda, upande mmoja ukigandamizwa na wa pili ukivutwa. Zege huhimili mgandamizo, lakini likivutwa hupasuka. Mvuto hubebwa na nondo, nazo hufaa tu zikipita mahali pake, zikapishana kwa urefu wa kutosha na kufungwa barabara kwenye maungio. Tetemeko kubwa la San Francisco la 1906 halikuudhuru mnara huo, na anayesema uliokolewa na zege amesahau nusu ya kazi. Wala Morgan hakuvumbua mbinu hiyo: mhandisi Ernest Ransome alikwisha kujenga daraja la namna hiyo San Francisco mwaka 1889.

Hata hivyo, vitabu vinavyoufanya mnara huo uthibitisho kamili vinaniacha na mashaka. Ufa wa ardhi uliofyatuka siku ile ya tetemeko ni San Andreas, ng'ambo ya ghuba, si Hayward unaopita Oakland, na jengo moja kusimama katika tetemeko moja hakutoshi kumpima msanifu. Ushahidi ninaouthamini zaidi ni Fairmont Hotel ya San Francisco, ambayo moto uliofuata tetemeko la 1906 uliiharibu vibaya, Morgan akaukarabati muundo wake, nayo ikafunguliwa mwaka 1907. Mwandishi wa gazeti alipomsifia mapambo, alijibiwa kwamba hayo yalifanywa na kampuni ya New York. Kazi ya Morgan ilikuwa muundo.

Hata Casa Grande, jumba kuu la San Simeon, ni zege lenye nondo lililovikwa mawe. Mawe hayo yanayopigwa picha na watalii hayakubeba jengo.