Gari-nyumba na Umeme wa Kambini: Kagua Ethi Kwanza

Mgeni akifika kambini, huvuta kebo ya gari-nyumba lake hadi kwenye nguzo ya umeme na kuchomeka. Taa zikiwaka anahesabu kazi imekwisha. Sisi wataalamu wa usalama wa umeme tunamwomba asubiri kidogo: taa, friji na kiyoyozi hufanya kazi vizuri tu hata waya wa ethi ukiwa umekatika.

Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, hivyo ethi ndiyo njia ya uhakika ya kupeleka umeme unaovuja mahali salama. Ikikatika, labda kwa kutu ndani ya plagi au kwa adapta duni, kifaa kimoja tu kikivujisha kinatosha kuitia bodi nzima ya gari umeme. Aliye ndani hahisi kitu. Anayepigwa shoti ni aliyesimama peku kwenye nyasi mbichi, akashika kitasa cha mlango. Ukihisi hata msisimko mdogo, usiguse tena gari. Nenda moja kwa moja ukazime breka (swichi ya kukata umeme) ya nguzo. Na anayekata pini ya ethi ili plagi iingie kwenye soketi isiyolingana, huyo hatumwelewi kabisa.

Kwa hiyo breka izimwe kabla ya kuchomeka. Soketi yenye alama za kuungua au inayolegea, omba nyingine. Pima volti: Marekani na Kanada, soketi ya gari-nyumba ya ampea 30 ni ya volti 120, lakini mafundi wasioizoea huiunganisha kwa 240, na vifaa huungua papo hapo. Baada ya kuwasha, sogeza tesita ya kupima bila kugusa waya karibu na bodi kabla hujaishika. Ikilia, zima.

Kizuia mawimbi ya umeme cha kawaida, yaani kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla, hakitoshi. Tafuta kile kinachokagua ethi, nyutro (waya wa kurudisha umeme) na volti kabla ya kupitisha umeme. Ni ghali zaidi, lakini kwetu hiyo si anasa.

Kebo inyooshwe yote, kwani ikiachwa imeviringwa huku inabeba mzigo mkubwa hupata moto hadi kuyeyuka. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600 tu, na kiyoyozi, hita na maikrowevu vikiwashwa pamoja huzimaliza.

Wakati wa kuondoka, zima breka, chomoa upande wa nguzo, ndipo uchomoe upande wa gari.