Picha ya Retina Baada ya Upasuaji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mgonjwa aliyerudishiwa retina iliyobanduka, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutoka kliniki ya macho pale Upper Hill, Nairobi, akiwa na karatasi yenye tabaka za kijivu, na kabla hajafika kituo cha matatu picha hiyo imekwisha kuzunguka kwenye WhatsApp ya familia. Tafsiri ya kwanza huwa hii: kuna maji chini ya retina, basi operesheni imeharibika.

Si lazima iwe hivyo. Picha hiyo hutokana na kipimo cha OCT, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ambacho hutumia mwanga kuonyesha tabaka za retina kwa mikroni (sehemu za elfu za milimita), kwa hiyo hunasa hata vifuko vya maji ambavyo daktari hawezi kuviona anapochungulia jicho. Vifuko hivyo hupatikana hasa kwa aliyefungiwa mkanda wa silikoni nje ya jicho, na huweza kukaa miezi mingi kabla ya kufyonzwa vyenyewe. Kinachomtia daktari wasiwasi ni maji yanayoongezeka kutoka picha moja hadi nyingine, au yanayofuata tundu ambalo halijaziba. Ndiyo maana karatasi ya zamani haifai kutupwa.

Dhana ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi, ni kwamba retina ikishalala imerudi palepale ilipokuwa. Ipo picha inayopima mng'ao wa asili wa seli zilizo chini ya retina, bila sindano ya rangi, na wakati mwingine huonyesha mistari myeupe inayokwenda sambamba na mishipa ya damu. Watu hudhani ni mishipa mipya au makovu. Fikiria kalenda iliyotundikwa ukutani miaka mingi: ukiisogeza kidogo, sehemu iliyokuwa imefunikwa hujitokeza kwa rangi tofauti. Mshipa nao ulikuwa ukizikinga seli hizo na mwanga, na retina ilipoteleza, mara nyingi kuelekea chini, alama ya mahali pa zamani ikabaki. Mgonjwa wa namna hii huweza kusoma herufi vizuri lakini akaona nguzo ya stima imepinda, naye hazushi.

Wenye mafuta ya silikoni ndani ya jicho, yaliyowekwa na mpasuaji ili kuishikilia retina, hupata kioja kingine: altrasaundi huonyesha jicho refu kuliko la kawaida. Jicho halijakua. Sauti husafiri polepole zaidi ndani ya mafuta hayo, takriban mita 980 kwa sekunde badala ya 1,500 na ushei za jicho la kawaida, ilhali mashine hukadiria umbali kwa muda ambao mwangwi umechukua kurudi.

Kijiduara cheusi chini ya retina kwenye picha ya OCT nacho si lazima kiwe maji. Huenda ni tone la kimiminika kizito ambacho mpasuaji hutumia kuilaza retina, na likiwa katikati kabisa ya uoni huenda likahitaji kuondolewa.

Wapo pia wanaodhani kwamba picha safi ni macho mazima. Ikiwa sehemu ya katikati ya retina ilikuwa imebanduka, tabaka limelala sawasawa, lakini ule mstari mwembamba wa seli zinazopokea mwanga huweza kuonekana umekatikakatika, na huunganika taratibu kwa miezi, pengine usiunganike wote. Na kivuli kipya kinachoshuka kama pazia ni cha kupelekwa kliniki siku hiyohiyo, hata kama picha ya wiki iliyopita ilisifiwa na kila mtu.