Mita ni moja, vinavyopimwa ni vingi

Mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliniletea rekodi ya yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria mkubwa wa kale: "urefu, mita 13.27." Namba ni sahihi. Ndivyo kilivyo kiunzi kilichosimamishwa Berlin, kwa mifupa iliyochimbwa hapa Lindi kati ya 1909 na 1913. Ila hiyo ni kutoka sakafuni hadi utosini. Pua hadi ncha ya mkia, dinosaria huyo anapita mita 20. Ukiiambia kompyuta ikutafutie wanyama wenye urefu unaozidi mita 15, itamruka.

Sikumlaumu sana. Kwetu kamba ina urefu, mnazi una urefu, na safari nayo ni ndefu. Binadamu anayesikiliza anaelewa. Muulize nahodha wa Msangamkuu: chombo kina urefu, maji yana kina, na kina hicho atakutajia kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Hachanganyi.

Kwa hiyo kwenye hanzidata, yaani mkusanyo wa rekodi zetu kwenye kompyuta, urefu tunaufanya kundi mama. Chini yake tunapanga kimo, kina, upana, unene, kipenyo na umbali, kila kimoja na safu yake. Hata ISO 80000-3, kiwango cha kimataifa cha vipimo vya nafasi na wakati, huvitaja kwa majina. Chukua bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam: kipenyo inchi 36, urefu mamia ya kilomita, unene wa chuma milimita tu. Inchi zisikusumbue, zigeuze ziwe sentimita 91.44, kipenyo kitabaki kipenyo. Eneo na ujazo havimo humo, maana hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa urefu.

Penye utata hasa ni mvua. Tunatangaziwa mvua ya milimita 40. Milimita za nini? Ni kimo ambacho maji yangefika kama yasingetiririka wala kunywewa na ardhi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwa hiyo bati linalofunika mita za mraba 50 kule Newala lingekinga lita 2,000, na Newala wanajua thamani ya lita hizo. Ujazo ukigawanywa kwa eneo, hubaki mita. Je, mvua ikae safu moja na unene wa bomba? Mimi nimeipa kundi lake, "kiasi cha mvua", nikaandika pembeni kwamba kizio chake ni cha urefu. Mwenzangu wa meza ya pili anataka iwe chini ya kina. Bado tunabishana.