Siku nzuri ndizo humwangusha mwenye maumivu sugu

Mgonjwa akifika kwangu hapa Kisumu, kabla sijagusa mgongo wake humwuliza: maumivu haya yamekunyima kufanya nini? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na jibu hilo hunisaidia kuliko picha nyingi za eksirei.

Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Mara nyingi jeraha la mwanzo limeshapona, lakini neva na ubongo zimezoea kupiga kengele hata kwa jambo dogo. Anayeumwa anaumwa kweli, wala hajifanyi. Huniuma sana nikisikia jamaa wakimwambia ni uvivu. Ila kuumwa si lazima kuwe na maana kwamba kuna kitu kinachozidi kuharibika.

Chukua mama anayeuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye hapa Kisumu. Akiamka mgongo umetulia, anabeba gunia, anafua, jioni anapalilia. Kesho yake hainuki, na anakaa kitandani siku mbili. Akipata nafuu, anazifidia kazi zote kwa mpigo, anaanguka tena. Kila akilala misuli inalegea na woga wa kuinama unaongezeka.

Kwa hiyo tunafuata saa, hatufuati maumivu. Apime omena kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, dakika 15 hivi, kisha asimame atembee, hata kama hajaanza kuumwa. Beseni liwekwe juu ya meza. Siku nzuri asizidishe. Siku mbaya apunguze, asiache. Wiki zikienda, tunaongeza kidogo kidogo. Maumivu huenda yasiishe, lakini atarudi sokoni, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Dawa za maumivu kama diklofenaki za kununua dukani mwezi baada ya mwezi siziungi mkono: huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo au miguu ikiishiwa nguvu ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, kukonda na jasho la usiku navyo vichunguzwe mapema, kwa kuwa TB hushika hata uti wa mgongo.

Tena, njoo na mtu wa nyumbani. Binti anayesema "Mama, wacha, nitafanya mimi" kwa kila kitu anasema kwa upendo, lakini anamnyang'anya mama mazoezi yake. Tukiketi watatu, tunakubaliana: binti abebe gunia, mama apike ugali wake.