Hakuna aliyeinunua "hakuna matata", jamani

Jana tena. Shemeji kanirushia ile voisi noti inayozunguka kwenye magrupu, eti Disney, wale wa filamu ya Lion King, wameinunua "hakuna matata", ukiitamka unadaiwa. Tangu ile petisheni ya 2018 ya kuwataka Disney waiachie hii habari haifi, na kila ikifufuka naulizwa mimi kwa vile nashinda kwenye alama za biashara, yaani majina na nembo za kuonyesha bidhaa ni ya nani.

Sikilizeni. Disney waliomba kuisajili kama alama Marekani 1994, wakasajiliwa 2003, kwa fulana. Fulana, basi. Usajili wa Marekani haufiki Kariakoo, na kutamka neno sio kuuza kitu. (Halafu lini mlisikia mtu wa Dar anasema hakuna matata? Hiyo tumewaachia watalii, sisi ni hamna shida.)

"Sasa neno la kawaida linasajiliwaje?" Linasajiliwa kila siku! Shida sio neno, shida ni unalibandika kwenye nini. Safari kwenye chupa ya bia ni alama, haikuambii bia ikoje. Safari kwenye gari la kupeleka watalii Mikumi, hapo unataja tu kazi yako, na jirani anayefanya kazi hiyohiyo naye anahitaji kuitaja. Na msiniulize Kilimanjaro bia na Kilimanjaro maji, kampuni mbili, vinywaji vyote daraja la 32, yaani kundi moja la bidhaa kwenye usajili, hiyo hata mimi nikimfundisha kijana wa ofisini naipita mbiombio.

Kinachonikera ni kwamba la kuwakasirisha lilikuwepo na hamkulisikia. Kuna kampuni Uingereza iliomba isajili KIKOY. Kikoi ndo jina la kitambaa chenyewe! Ingepita, mtu wa Mombasa anayepeleka vikoi London angeviitaje kwenye lebo, shuka la mistari? Ofisa wa kule akiona neno hilo anadhani limebuniwa, Kiswahili atakijulia wapi. Bahati watu wakaweka pingamizi, mpaka 2008 ombi likawa limekufa. Voisi noti hata moja sikuletewa.

Ila nikiri. Mteja kaja na fulana, hakuna matata imeandikwa kifua kizima, anataka kuuza Marekani kwa mtandao. Hayo maandishi ni urembo tu au mnunuzi ataona ni nembo ya mwenye mali, yaani Disney? Naweza kubishana pande zote mbili na nikashindwa zote mbili. Nikamwambia achapishe "hamna shida".