Nyumba za Sankeien: zimefunguliwa vipande vipande, zimehamishwa, na bado ni zilezile

Ukitaja makumbusho wengi wanawaza makabati ya vioo, sasa kule Yokohama, Japani, kuna makumbusho ambayo vitu vyake ni majengo yenyewe, 17 ya kihistoria, mengi yameletwa kutoka kwingine, yametawanyika kwenye bustani ya hekta 17 na nusu hivi, inaitwa Sankeien. Aliyeitengeneza ni Hara Tomitaro, tajiri wa biashara ya hariri, na mwaka 1906 akaifungua bustani ya nje watu waingie bure huku yeye anaishi humohumo. Ile ya ndani ilibaki ya familia, watu wakaja kuruhusiwa 1958.

Kuna swali halikosekani: nyumba ikishahamishwa si inakuwa feki? Hapana jamani! Majengo haya ni ya mbao, ncha ya boriti hii inaingia kwenye tundu la ile, yaani hayategemei misumari, kwahiyo fundi anafungua kipande kimoja kimoja, anaweka alama, kilichooza anakibadilisha hichohicho tu, halafu anasimamisha upya kulekule anakotaka. Nyumba ya matumbawe ya Lamu huwezi kuifanyia hivyo, ukibomoa ukuta wa chokaa umebaki na kifusi. Ndo maana ule mnara wa ghorofa tatu pale juu kilimani, uliojengwa 1457 kwenye hekalu la Tomyoji mkoani Kyoto, uliweza kuletwa Yokohama 1914 na ni mnara uleule.

Mimi naipenda zaidi nyumba ya Yanohara. Ilikuwa ya wakulima wenye uwezo huko milima ya Hida, paa lake la nyasi limesimama kama viganja viwili vya mtu anayeomba, theluji isikae. Lilipokuja bwawa la Miboro, maji yangeimeza, ikafunguliwa ikaletwa hapa 1960. Ndani kuna jiko la sakafuni, irori, na moto unawashwa kila siku mpaka leo, sio pambo ule: moshi unapanda kwenye nyasi, unafukuza wadudu, unakausha unyevu. Bibi zetu waliotundika mahindi ya mbegu juu ya jiko wangeelewa bila kuelezwa, na kwa kweli hili linanigusa sana, nyumba isiyowashwa moto inaoza taratibu hata ukiilinda vipi.

Ukibahatika kufika, vua viatu, panda ghorofani, angalia kamba zilizofunga miti ya paa, halafu simama kidogo pale moshi unapopita.